Ujirani Mwema Haushushi Bei

Katika vyama vya ushirika wa nyumba vya Uruguay, vile ambavyo wanachama wake hujenga kwa mikono yao wenyewe, iko ada moja ambayo mtu akisimuliwa kwa mara ya kwanza huidhania mzaha: kila familia hutoa saa 21 za kazi kwa wiki, ikichanganya zege, ikipanga matofali, ikilinda zamu ya usiku penye ghala ya saruji, na kwa muda wote huo hakuna hata mmoja ajuaye ni nyumba ipi itakayokuwa yake. Nyumba hugawiwa kwa kura baada ya kazi kwisha. Hekima ya jambo hili haihitaji sherehe ndefu, kwani fundi asiyejua atalala chini ya dari ipi huipiga lipu kila dari kwa uangalifu ule ule, na mama aliyebeba kokoto za nyumba zote hana sababu ya kuihusudu ile moja iliyomwangukia jirani.

Walakini kura ile ni sehemu ndogo ya siri ya vyama hivyo. Sehemu kubwa imo katika hati anayoitia saini mwanachama apewapo ufunguo, maana hati hiyo haimfanyi kuwa mwenye nyumba. Yampa haki ya kukaa, yeye na aila yake, maisha yake yote akipenda, na kuwarithisha watoto wake haki hiyo hiyo. Lakini kuta, paa na kiwanja hubaki kuwa mali ya chama, na siku atakayotaka kuhama hatatafuta mnunuzi wa bei ya juu, kwa kuwa chama kitamrudishia thamani ya alichokiweka, fedha na jasho pamoja, kisha kitamkaribisha mwingine kwa masharti ya ushirika. Mtindo huu ulianza kwa vyama vitatu vya majaribio mwaka 1966, ukapata nguvu ya sheria mwaka 1968, na mwaka 1970 vyama vyenyewe vikaunda shirikisho lao liitwalo FUCVAM, ambalo lingali hai hadi leo.

Uzito wa hati ile ulidhihirika wakati wa utawala wa kijeshi. Mwaka 1983 wakuu wa utawala huo walipitisha sheria ya kuvigeuza vyama kuwa milki ya mtu mmoja mmoja, kila familia ishike hati yake na ifanye itakavyo. Kwa mtazamo wa haraka hiyo ilikuwa hiba, na aghalabu maskini hakatai hiba. Wanaushirika waliikataa. Jumapili moja ya Februari 1984, katika nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni tatu tu, walikusanya saini zaidi ya 300,000 za kuipinga sheria ile, na vyama vyao vikabaki kuwa vyama. Walikuwa wamefahamu jambo ambalo wapangaji wa miji mingi hawajalifahamu bado, kwamba hati imruhusuyo maskini wa leo kuuza kwa bei ya soko ndiyo hiyo hiyo imfungiayo mlango maskini wa kesho.

Nimeanza mbali kiasi hiki kwa makusudi, kwa sababu fikra ya makazi ya pamoja inazidi kupendwa duniani, na kila inapozungumzwa husifiwa kwa mambo yasiyo na ubishi: watoto hupata wenzi wa kucheza nao, wazee hawafi kwa upweke, na mgonjwa hapati tabu ya kutafuta wa kumchemshia uji. Yote hayo ni kweli. Lakini mtaa ambao mtoto yu salama na mzee hutembelewa ni mtaa ambao kila mtu angependa kuhamia, na palipo na watu wengi wanaotaka na nyumba chache zinazouzwa, mwenye fedha nyingi ndiye aingiaye. Wema wa majirani ukiachwa peke yake hupandisha bei. Kinachoizuia bei isipande ni sharti lililoandikwa mapema, wakati hakuna aliyekwisha kuonja faida, nalo sharti hilo lina maswali matatu ya kujibu: ardhi ni ya nani, anayeondoka huondoka na nini, na paa likivuja nani atakayelikarabati.

Somo la Denmark

Makazi ya aina hii kwa sura yake ya sasa, ambayo kila familia ina nyumba yake kamili yenye mlango na jiko, na juu ya hayo wakazi wote wana nyumba moja ya shirika yenye ukumbi wa kulia chakula, chumba cha kufulia nguo na uwanja wa watoto, yalizaliwa Denmark. Msanifu majengo Jan Gudmand-Høyer aliwakusanya rafiki zake majira ya baridi ya mwaka 1964 kuyajadili. Wakapata kiwanja nje kidogo ya Copenhagen, lakini majirani wa mahali hapo wakapinga, wakihofia kelele za watoto, na shauri likavunjika. Mwaka 1967 Bodil Graae aliandika makala katika gazeti la Politiken akidai kwamba kila mtoto anastahili wazazi mia moja, na mwaka uliofuata Gudmand-Høyer naye akachapisha makala yake juu ya kiungo kilichokosekana kati ya ndoto za wanafalsafa na nyumba ya familia moja iliyopitwa na wakati. Makala hizo mbili ziliwaunganisha watu, na mwaka 1972 mtaa wa Sættedammen ukakamilika ukiwa na nyumba 27.

Maisha ya ndani ya mitaa hiyo ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Chakula cha jioni hupikwa katika nyumba ya shirika siku kadhaa za wiki. Zamu huzunguka, hata kila mtu mzima akajikuta yuko jikoni kwa kadiri ya mara moja kwa mwezi, na jioni nyingine huja kula, hulipa mchango wake mdogo na kurudi kwake. Ukifanya hesabu ya sufuria, mashine za kufulia, vyombo vya bustani na chumba cha wageni, ambavyo familia 30 zisizojuana zingevinunua mara 30, utaona kwamba ushirika wa vitu hupunguza gharama za kila mwezi. Lakini unafuu huo ni wa jiko na sabuni. Bei ya nyumba yenyewe ni shauri jingine. Mitaa ile ya kwanza ilijengwa kwa nyumba za kumilikiwa na mtu binafsi, na walioimudu walikuwa watu wenye kazi nzuri na mishahara ya kutosha.

Wadenmark waliiona kasoro hiyo mapema. Mwaka 1978 mtaa wa Tinggården, uliobuniwa na wasanifu wa Vandkunsten, ulifunguliwa kwa nyumba za kupanga chini ya shirika lisilotafuta faida, hivyo mtu akaweza kuingia bila kuwa na rasilimali ya kununulia. Tena mwaka 1981 sheria ya vyama vya ushirika wa nyumba, pamoja na mikopo iliyodhaminiwa na serikali, ilivirahisishia vikundi vya watu wa kipato cha kati kujenga nyumba ambazo mwanachama hununua hisa tu katika chama, na hisa hiyo ina bei ya ukomo isiyoruhusiwa kuvukwa. Kwa miaka mingi mpango huu ulifanya kazi yake vizuri.

Kisha ukalegezwa. Sheria iliruhusu bei ya ukomo ihesabiwe kwa njia zaidi ya moja, ama kwa gharama ya ununuzi wa jengo, ama kwa tathmini ya thamani yake ya sasa, na uamuzi wa njia ipi ifuatwe ukaachiwa mkutano mkuu wa wanachama. Mwaka 2005 mwanachama akaruhusiwa kuiweka hisa yake rehani benki. Msomaji atakisia yaliyofuata: thamani ya majengo ya Copenhagen ilikuwa ikipaa, waliokuwa na kura ndio waliokuwa na hisa, na wenye hisa hawakuona sababu ya kuipigia kura bei ya chini. Bei zikapanda kwa kasi, na msukosuko wa fedha ulipoingia miaka michache baadaye baadhi ya vyama vikaelemewa na madeni. Hapakuwa na mwizi wala laghai katika mkasa huu. Palikuwa na sharti lililoachwa mikononi mwa watu wanaofaidika kwa kulilegeza.

Ardhi ni ya nani

Waliolitafakari swali la kwanza kwa kina walihitimisha kwamba ardhi na nyumba vitenganishwe: nyumba iwe ya anayekaa, ardhi iwe ya amana isiyokufa. Huko Georgia, Marekani, mwaka 1969, viongozi wa Wamarekani Weusi waliotoka katika mapambano ya haki za raia, Charles Sherrod miongoni mwao, walianzisha New Communities juu ya shamba la ekari zipatazo 5,700, ili wakulima waliofukuzwa na wenye mashamba kwa kosa la kujiandikisha kupiga kura wapate mahali ambapo hakuna atakayewafukuza tena. Fikra yao ni mzizi wa amana za ardhi za jamii zilizoenea tangu hapo. Lakini shamba lenyewe lilinunuliwa kwa deni. Ukame ukaja, mikopo ya dharura waliyostahili kama wakulima wengine ikacheleweshwa na kunyimwa kwa ubaguzi, na mwaka 1985 ardhi ikachukuliwa na mdai. Ubaguzi ule ulikuja kutambuliwa rasmi, na mwaka 2009 waasisi wakapewa fidia ya dola milioni 12, ambayo haikuirudisha ardhi ile. Amana iliyofungwa kwa mauzo lakini ikaachwa wazi kwa rehani ina mlango mmoja tu uliofungwa.

Mji wa Zürich, Uswisi, umeshika njia nyingine. Huko manispaa haiuzi kiwanja kwa chama cha ushirika. Hukikodisha kwa miongo mingi, na kwa sharti kwamba kodi ya nyumba iwe sawa na gharama halisi, yaani riba ya mkopo, matengenezo na uendeshaji, pasipo faida juu yake. Wapiga kura wa mji huo waliamua mwaka 2011 kwamba ifikapo mwaka 2050 theluthi moja ya nyumba za kupanga ziwe za aina hiyo isiyotafuta faida. Katika jengo la Kalkbreite, lililofunguliwa mwaka 2014 juu ya karakana ya tramu, wanakaa watu wapatao 250, na kila mmoja ana eneo la wastani wa mita za mraba kama 32, chini ya desturi ya mji, kwa kuwa vyumba vya wageni, kumbi na maktaba ni vya wote. Kupunguza ukubwa wa vyumba vya faragha na kukuza vya shirika ni njia ya haki ya kupunguza gharama, maadamu walioridhia ni wakazi wenyewe, na isigeuzwe hila ya mjenzi ya kuwabana watu.

Wajerumani nao wana ufundi wao. Katika muungano uitwao Mietshäuser Syndikat, wenye makao yake Freiburg, kila nyumba humilikiwa na kampuni ndogo yenye wanahisa wawili tu, mmoja chama cha wakazi na wa pili muungano wenyewe. Wakazi huendesha mambo yao yote bila kuingiliwa, ila jambo moja: nyumba haiuzwi mpaka wote wawili wakubali, na muungano uliundwa ili usikubali kamwe. Hapo ndipo walipowazidi wenzao wa Copenhagen, kwa kuwa kura ya kuuza haikuachiwa mtu ambaye mfuko wake ungejaa kwa kuipiga.

Anayeondoka huondoka na nini

Hapa msomaji mwenye insafu atauliza, na ana haki ya kuuliza: je, si dhuluma kumnyima maskini faida ambayo tajiri huipata kila siku? Mtu amelipa miaka 20, amepanda miti, amelea watoto katika nyumba ile. Kwa nini aondoke mikono mitupu, ilhali mwenye jumba la upande wa pili wa barabara amejipatia mara tatu ya fedha zake kwa kukaa tu? Swali hili halijibiwi kwa hotuba juu ya fadhila za ujamaa. Hujibiwa kwa kanuni ya hesabu, na hesabu nzuri zimekwisha kupatikana.

Ya kwanza ni ya Burlington, katika jimbo la Vermont, Marekani, ambako mwaka 1984, wakati Bernie Sanders alipokuwa meya, baraza la mji lilisaidia kuanzisha amana ya ardhi ambayo leo huitwa Champlain Housing Trust. Anayenunua nyumba ya amana hupata msaada unaoshusha bei, naye huahidi kwamba siku akiuza atachukua alichokilipa, pamoja na robo ya ongezeko la thamani. Robo tatu hubaki ndani ya nyumba kumnufaisha mnunuzi ajaye. Tuseme thamani imepanda kwa dola 40,000: muuzaji ataondoka na 10,000 juu ya fedha zake, na 30,000 zitabaki kuishikilia bei. Mtu huyu hakuondoka mikono mitupu. Ameondoka na akiba ambayo kama angekuwa mpangaji asingekuwa nayo hata senti, na ngazi aliyoipandia ameiacha pale pale imsubiri mwenzake.

Ya pili ni ya Leeds, Uingereza, nayo inahusu hasa makazi ya pamoja. Mtaa wa LILAC, wenye nyumba 20 zilizojengwa kwa mbao na kujazwa marobota ya nyasi kavu ukutani, ulikamilika mwaka 2013, na nyumba zote ni mali ya chama kimoja ambacho wakazi wote ni wanachama wake. Hakuna bei ya nyumba. Kila familia hulipa asilimia 35 ya kipato chake baada ya kodi ya serikali, mwenye mshahara mkubwa akilipa zaidi na kujilimbikizia hisa nyingi zaidi, mwenye mdogo akilipa kidogo na kupata chache. Na thamani ya hisa hizo, siku mtu akiondoka, haifuati bei za nyumba zinavyopanda na kushuka. Inafuata mwendo wa mishahara ya kawaida. Ukifikiri vizuri utaona kwamba hili ndilo jibu la moja kwa moja la tatizo lote, kwani nyumba huwa ghali pale bei yake inapokimbia mbele ya mshahara wa anayeitaka.

Lakini hata LILAC ina mpaka wake, na ni aibu kuuficha. Kwa kuwa chama kina deni la benki la kulipa, kila ukubwa wa nyumba una kiwango cha chini cha kipato ambacho familia lazima iwe nacho, na anayeingia sharti aje na amana ya mwanzo. Mpango huu huizuia nyumba isimponyoke mtu wa kipato cha wastani. Hauwezi peke yake kumwingiza asiye na kitu. Kwa huyo lazima pawe na ruzuku, ama ardhi ya bure, ama jasho likubaliwe badala ya fedha kama Uruguay.

Nani atakayelikarabati paa

Watu wa pwani yetu hawana haja ya kuhadithiwa na mgeni kwamba mali yaweza kutolewa sokoni isirudi tena. Wakfu ulikuwapo Unguja, Lamu na Mombasa kabla amana za Marekani hazijatajwa. Mtu huifunga nyumba au shamba kwa ajili ya Mungu, na tangu siku hiyo haliuzwi, halipewi mtu, wala halirithiwi. Mutawalli huwa msimamizi tu, na manufaa yake huwaendea wale aliowataja mwenye kuweka wakfu, msikiti, mayatima, mafakiri au kizazi chake. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar nyumba nyingi zimo katika hali hiyo hadi sasa, na familia nyingi zisizo na uwezo zimestirika ndani yake kwa kodi ndogo mno.

Basi wakfu ulilijibu swali la kwanza kwa ukamilifu ambao Zürich wala Freiburg hawakuuzidi. Ulipoyumba ni katika swali la tatu. Kodi ikiwa ndogo kuliko gharama ya chokaa, boriti na mabati, nyumba huanza kujila yenyewe. Maji ya mvua huingia ukutani, mawe ya matumbawe hulegea, na mpangaji aliyesitiriwa na huruma hujikuta akilala chini ya sakafu ya ghorofa inayotishia kuanguka. Ndiyo maana vyama vilivyodumu hutenga kila mwezi sehemu ya kodi kwa matengenezo, na fungu hilo haliguswi kwa harusi wala msiba. Unafuu usiolipa fundi ni deni wanalobebeshwa watakaokuja.

Kwetu

Twaweza kuuliza kama haya yanatuhusu, sisi ambao tumekaa pamoja tangu zamani bila kuwaita wasanifu. Nyumba yetu ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na ua wa nyuma wenye majiko, kamba za nguo na choo cha wote, imelea watu wa makabila na dini mbalimbali, waliogombania zamu ya bomba asubuhi na kuchangiana sanda jioni. Wanachangia LUKU moja ya umeme, wanaachiana watoto, wanajua nani hajapika leo. Ujima huo haukosi kitu ila kimoja: nyumba si yao. Kodi yadaiwa ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na mwenye nyumba akipata mnunuzi, ukumbi na ua na ujirani wa miaka 30 huondoka pamoja. Kariakoo ilikuwa mtaa wa nyumba hizo. Leo ghorofa zimesimama juu ya nyua zake, na waliopanga vyumba vile wametawanyika pembezoni mwa jiji. Ujirani wao ulikuwa mwema kuliko wa Sættedammen, na haukuwazuilia kitu.

Wako waliojaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika mtaa wa Tanzania-Bondeni mjini Voi, Kenya, wenye watu zaidi ya 4,000 waliojenga juu ya ardhi wasiyokuwa na hati yake, serikali na shirika la Ujerumani la GTZ waliwawekea wakazi uchaguzi kati ya hati ya mtu mmoja mmoja na umiliki wa pamoja. Walichagua umiliki wa pamoja, wakijua kwamba hati za binafsi zingenunuliwa upesi na wenye fedha. Ardhi ikawekwa chini ya amana; mtu aweza kuuza alichokijenga, ardhi haiuzi. Kwa kuwa hapakuwa na sheria iliyotungwa kwa jambo hilo, ilibidi kuunganisha chama na wadhamini kwa sheria mbili zilizokusudiwa mambo mengine, na kazi ya hati ikaenda polepole na kwa gharama. Watu walikuwa tayari kuliko vitabu vya sheria.

Dar es Salaam nayo, upanuzi wa bandari ulipoziondoa nyumba za Kurasini, fidia ya majengo ilikuwa ya wenye majengo, na wapangaji hawakuwa na jengo la kufidiwa. Baadhi yao, wakiwa katika vikundi vya kuweka akiba na kusaidiwa na Centre for Community Initiatives, waliunda ushirika wa nyumba, wakanunua ekari 30 Chamazi, wakafyatua matofali yao wenyewe na kujenga nyumba za kuanzia chumba kimoja, ziongezwe kadiri mfuko unavyoruhusu. Ni kazi ya kupigiwa mfano, nayo yafundisha kwamba unafuu haupimwi kwa bei ya ukuta peke yake: Chamazi ni mbali na bandari iliyowapa riziki, na nauli ya kila siku hula fedha ambayo ingelipa mkopo. Ardhi rahisi iliyo mbali na kazi huwa ghali kwa mlango wa nyuma.

Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 yasema ardhi yote ni ya umma, imewekwa kwa Rais kama mdhamini, na raia hupewa haki ya kuikalia kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa maneno, nusu ya kazi imekwisha fanyika, kwani hakuna auzaye udongo. Lakini kila siku viwanja hubadilishana mikono kwa bei ya soko kwa jina la maendelezo, na hii ni hoja ya kutosha kwamba kuiita ardhi mali ya umma hakumsaidii maskini mpaka pawe na sharti linalosema anayeondoka ataondoka na nini. Halmashauri inaweza kukipa chama cha ushirika kiwanja kilicho karibu na kazi, kwa malipo madogo, na kuandika katika hati ile ile kwamba nyumba zitakazosimama hapo zitarudi kwa chama kwa bei itakayofuata mishahara, kwamba ardhi haitawekwa rehani pasipo ridhaa ya mdhamini, na kwamba fungu la matengenezo litakaguliwa kila mwaka.

Kwa hiyo nawasihi wanaokusanyika sasa, walimu, madereva, mama lishe, wastaafu, wenye nia ya kujenga mtaa wao wa pamoja: kabla hamjamwita mchora ramani, kabla hamjabishana juu ya rangi ya ukumbi na zamu za kupika, kaeni mliandike sharti la kuondoka, na ufunguo wa kulibadilisha msiushike peke yenu, upeni pia mkono wa mtu asiyefaidika kwa kuuza. Liandikeni mkingali maskini wote. Chama kinachongoja mpaka bei ipande ndipo kijadili sharti hilo kitakuta kwamba wanaotakiwa kulipitisha ndio wale wale wenye faida ya kulikataa.